Msimu unakaribia: miembe mirefu ya nyumbani tunaiangua vipi bila kumpandisha mtoto juu?

MwanaMuheza
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba tukae kwenye hili kidogo maana maua yameshashika na vitoto vya embe nimeanza kuviona, na mimi kilichotokea msimu uliopita sitaki kitokee tena kwenye ua wangu.

Nina miembe minne nyuma ya nyumba hapa Muheza, dodo mbili, bolibo mmoja na sindano mmoja. Marehemu babu aliipanda kwa kokwa, enzi zile hakuna cha kubebesha, yaani kuunga kijitawi cha mwembe mwingine kwenye mche, unafukia kokwa mti unaota unakwenda juu unavyotaka wenyewe. Sasa hivi imelipita paa la nyumba mara tatu. Matawi ya chini ni kivuli tu, hayana kitu, embe zote ziko kileleni kwenye ncha za vijitawi kule wanakokula popo na tumbili.

Januari mtoto wa dada yangu, ana miaka 12, alipanda dodo kubwa. Hakutumwa lakini hakukatazwa pia, huo ndio ukweli, sisi watu wazima tulikuwa tumesimama chini tunamwelekeza ile pale, kushoto kwako, iliyopiga njano. Akakanyaga tawi ambalo kwa nje lina majani mabichi kabisa kumbe ndani limekwisha, limekuwa unga mtupu. Alivunjika paja na kifundo cha mkono. Amelala wodini wiki sita mguu umefungwa kamba na jiwe, shule imempita, na mpaka leo akitembea umbali mrefu anachechemea. Mama yake hajawahi kunilaumu hata neno moja na hilo ndio linaniuma zaidi.

Kwa hiyo naomba msaada wa kweli kweli. Kutikisa tumeshatikisa, kurusha fimbo tumerusha, kupiga na mti mrefu tumepiga, ila embe inayofika chini imepasuka au imevia ndani, siku ya pili ina doa jeusi na mchuuzi anayekuja na matenga yake anaikataa. Watu wenye miti mirefu nyumbani mnaanguaje? Na je kuna namna ya kuushusha mti wenyewe?

Kijana wa Korogwe
Pole sana dada yangu, mtoto apone kabisa inshallah. Nafuatilia huu uzi, kwetu pia ipo mitatu ya namna hiyo.

bwanashamba_Moro
Pole sana dada. Nianze na hilo la embe kuanguka maana wengi hawalioni uzito wake. Embe ikidondoka toka mita 10 inafika chini na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, ni kama umeitupa nje ya gari linalotembea. Hata ikiangukia majani, hata ngozi isipasuke, nyama ya ndani imeshapondeka na hapo ndipo uozo unapoanzia. Kwa hiyo ya kuuza isiguse ardhi kabisa, hiyo ndio kanuni ya kwanza, mengine yote ni namna ya kuitimiza.

Cha pili usisubiri ipige njano mtini. Embe inakomaa kwanza halafu inaiva, ni vitu viwili tofauti. Angalia mabega, yale ya juu pembeni ya kikonyo, yakishajaa na kuinuka mpaka kikonyo kinaonekana kimezama kwenye kishimo hiyo imekomaa hata kama ni kijani tupu. Ukiwa na wasiwasi kata moja, nyama ya karibu na kokwa ikishaanza unjano mti uko tayari. Au ziweke kwenye ndoo ya maji, iliyokomaa inazama, changa inaelea. Ukiangua hapo mtu hana haja ya kukimbizana na moja moja kileleni kila siku, unafanya mizunguko miwili au mitatu msimu mzima basi.

Mama Tunu
Mimi natumia kigoe tu. Mti mrefu umefungwa ndoano mbele, navuta kijitawi, mwenzangu chini anadaka na kanga tumeikunjua watu wawili. Kwa mwembe wa kimo cha nyumba inatosha, ila kwa huo wa kwako dada kigoe hakifiki.

FundiSeremala_Tanga
Dada kigoe kinafaa ukikiboresha, ngoja nikueleze ninachotengeneza mimi hapa karakana maana wanakuja watu wengi kipindi hiki.

Tafuta mwanzi uliokauka vizuri, mita 4 mpaka 5, usichukue mbichi ni mzito na unapinda. Chukua nondo nyembamba ile ya milimita 6, ikunje duara kama mdomo wa ndoo ndogo, miguu yake miwili iache mirefu kama shubiri moja uifunge kwenye mwanzi kwa waya wa kufungia nondo, zungusha mara nyingi halafu juu yake pitisha mpira wa baiskeli uliochanwa, uvute mpaka ukaze. Hapo haitetereki. Kwenye duara shonea mfuko wa neti ya vitunguu. Sasa hapa ndio watu wanakosea, wanashona mfuko mrefu kama soksi, embe saba nane zinaingia, dodo moja inakwenda nusu kilo na zaidi, ukishakuwa na kilo nne kwenye ncha ya mwanzi wa mita 5 huwezi kuushika, unayumba unapiga matawi unadondosha zingine. Shona mfupi, shubiri moja na nusu, zikiingia tatu unashusha.

Kisu: chukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kinoe upande mmoja, kikaze kwenye duara upande wa mbele kabisa kikiwa kimeinama kama herufi V. Kikonyo kinaingia kwenye V, unavuta kidogo tu chini, tak, embe inaingia mfukoni na kikonyo chake. Sio kuizungusha wala kuing'oa. Ukisikia mlio mzito wa kuchanika jua umechana kijitawi na hicho ndio kingezaa mwakani.

MwanaMuheza
Fundi ubarikiwe, hii nimeielewa kama nimeiona. Ila mwanzi wa mita 5 na mimi na urefu wangu ni kama mita 6 na kitu, kileleni bado. Ngazi juu ya hapo?

mkwezi_mstaafu
Wanangu, mimi ni wa Pangani, nimekwea minazi na miembe miaka 31, mikono yangu ukiishika utadhani gome. Niruhusuni niseme.

Ngazi kwenye mwembe sio rafiki. Tawi likipungukiwa mzigo linanyanyuka, umekata embe kumi upande ule tawi limepanda juu na ngazi uliyoiegemeza inabaki hewani. Kama lazima utumie ngazi iegemeze kwenye shina au kwenye panda, ifunge kamba juu kabla hujafanya chochote, na mtu mmoja asiondoke mguuni mwa ngazi hata akiitwa na nani.

Kukwea kuna adabu yake. Kwanza huukwei mti uliolowa, mvua ikinyesha usiku kesho yake unakaa nyumbani mpaka gome likauke. Pili unauzunguka mti chini ukitazama juu, unatafuta tawi lenye majani madogo kuliko wenzake au lenye ukungu na uyoga, hilo ni gonjwa. Ukiwa juu kabla hujakanyaga tawi unaligonga na mgongo wa panga, zima linalia kavu, ti ti, lililooza ndani linalia bubu kama kugonga ndoo yenye pumba. Yule mtoto angefundishwa kugonga asingekanyaga lile. Tatu mguu unakaa pale tawi linapotoka kwenye shina, sio katikati ya tawi. Nne, katika mikono na miguu vitu vitatu vinashika mti muda wote, kimoja ndio kinafanya kazi. Mtu anayeshika embe kwa mikono miwili huyo anashikwa na nini?

Na kamba. Sisi zamani tulikwea bila kamba ya kiunoni, na wenzangu niliowazika kwa sababu hiyo siwataji hapa. Tupa kamba ipite kwenye panda ya juu iliyo nene kama paja, ncha moja kiunoni kwako, ncha nyingine inazungushwa kwenye shina la mti mwingine na mtu mzima anaishika. Embe unazishusha kwa tenga na kamba yake ya pembeni, hurushi kitu. Mtoto hakwei. Kukwea ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na anayekwea anastahili kulipwa vizuri, asipewe embe tano na ahsante.

Kijana wa Korogwe
Shikamoo mzee wangu. Hii ya kugonga tawi sijawahi kuisikia popote. Swali, maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini, unawafanyaje? Mwembe wetu una viota vyao kama mipira, yale majani yaliyoshonwa pamoja, ukigusa tu wanakushukia shingoni mpaka unataka kuruka.

mkwezi_mstaafu
Marahaba. Maji moto unawakwea alfajiri. Kukiwa na baridi wanakuwa wazito. Jipake majivu mikononi na miguuni mpaka magotini, wanateleza na hawayapendi. Viota usivikate, sogea taratibu upande mwingine.

bwanashamba_Moro
Mzee shikamoo. Naunga mkono hasa hilo la kutovikata viota. Maji moto ni walinzi, wanafukuza kunguni wanaofyonza vitoto vya nazi na korosho, na kwenye mwembe inzi wa matunda akiwakuta anaogopa kutaga. Watu wananyunyiza dawa kuwaua halafu mwezi unaofuata wanalalamika embe zina funza.

Ila kwenye muda naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Alfajiri utomvu unakuwa na nguvu mno. Mti umelala usiku kucha umejaza maji, ukikata kikonyo saa 12 asubuhi utomvu unaruka, ukifika kwenye ngozi ya embe unaiunguza, baada ya siku mbili unaona michirizi myeusi kama imechomwa na pasi. Kuanzia saa 4 hivi nguvu inapungua. Kwa hiyo mwenye embe za kuuza avumilie wadudu kidogo.

mkwezi_mstaafu
Hilo la utomvu ni kweli tupu, tuliliona ila hatukujua sababu yake. Basi mkwezi akwee asubuhi afunge kamba zake na kugonga matawi, kuangua kuanze jua likishapanda.

MwanaMuheza
Shikamoo mzee wangu, na nashukuru nyote wawili. Huo utomvu naujua kwa ngozi yangu, niliangua sindano mwaka juzi ukanirukia hapa juu ya kifundo cha mkono nikapangusa tu na kanga, jioni pakawasha, kesho yake malengelenge, alama ipo mpaka leo kama niliungua mafuta ya chapati. Nikaambiwa nina mzio wa embe lakini embe nakula kila siku sina tatizo.

bwanashamba_Moro
Ni utomvu huo dada, sio nyama ya embe. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, ile sumu ya ganda la korosho inayobabua mikono ya wabanguaji ina ndugu yake kwenye utomvu wa mwembe. Vaa mikono mirefu, funika macho hasa ukitazama juu na kigoe maana tone likiingia jichoni ni balaa, na likikugusa osha na sabuni hapo hapo usingoje.

Kwa embe zenyewe fanya hivi: kata ukiacha kikonyo kirefu, kidole kizima au zaidi, hapo utomvu hauruki. Zikishafika chini kivulini ndio unakata kikonyo kiwe kifupi na papo hapo unaiinamisha kichwa chini juu ya chanja ya miti au fito, utomvu unadondoka chini bila kugusa ngozi. Nusu saa mpaka saa nzima. Halafu zioshe kwa maji safi, ukiongeza chokaa kidogo sana kwenye maji inasaidia kukata ule unato. Zikauke, ndio zipangwe kwenye tenga, chini umeweka majani makavu ya mgomba. Usizilaze juani hata dakika 10.

Wa_Kilifi
Hamjambo wenzetu wa upande huo, salamu kutoka Kilifi. Sisi huku tuna boribo na ngowe, ile ngowe yenye mdomo umepinda kama ndoano ya kuvulia, na taabu ni hiyo hiyo moja, miti ya wazee imefika mawinguni.

Nataka niseme jambo moja tu na tafadhali mlisome polepole. Waya za stima. Jirani yetu alinunua mti wa aluminiamu, mwepesi, unarefuka kama mkonga wa redio, akafurahi sana nao. Mwembe wake ulikuwa karibu na laini inayoingia plotini. Aliinua ule mti akitazama embe, hakutazama waya. Alikuwa mtu wa miaka 40 na watoto wadogo. Tulimzika siku hiyo hiyo alasiri. Tangu hapo mimi kabla sijainua hata ufagio nje natazama juu kwanza.

Mwanzi ukiwa mkavu ni afadhali lakini ukiwa umelowa au una utomvu na uchafu nao unapitisha. Na duara la nondo ni chuma. Kama tawi limeegemea waya usilikate mwenyewe wala usimlipe kijana alikate, wapigie watu wa umeme waje wazime kwanza. Embe za upande huo waachieni popo.

FundiSeremala_Tanga
Ndugu wa Kilifi umenigusa, pole sana kwa msiba huo. Kuanzia leo kila mteja nitamuuliza kwanza waya umepita wapi kabla sijamtengenezea.

Mama Tunu
Innalillahi. Mungu amrehemu. Hata mimi nyuma kwangu waya umepita kwenye mzambarau na watoto wanapanda kila siku. Nimetoka nje sasa hivi kuutazama, tawi moja limeukaribia kabisa.

Mama_Tukuyu
Habari zenu. Mimi natoka Rungwe, embe kwetu hakuna ila parachichi za kienyeji ziko kila ua na miti yake ni mirefu hivyo hivyo, naona mambo mengi yanafanana nikaona nichangie.

Parachichi ina wema mmoja, haiivi ikiwa mtini. Ikishakomaa inaning'inia tu inakusubiri wiki kadhaa, inaanza kulainika baada ya kuichuma. Kwa hiyo haraka ya kwenda kileleni haipo kabisa, watoto wanaopanda wanafuata tu mazoea. Kujua imekomaa angalia ngozi, inapoteza ule mng'ao inakuwa kama imepakwa vumbi, na ukipasua moja lile ganda jembamba linalofunika kokwa limekuwa kahawia na kavu kama karatasi. Likiwa jeupe na nene acha, hata ukiichuma itanyauka kama mpira.

Kikonyo kiachwe kidogo, kama punje ya hindi hivi. Ukiking'oa kikatoka chote pale penye kishimo ndio mlango wa uozo. Wanunuzi wa Hass, ile parachichi ya kisasa ya biashara, wanaangalia hapo kwanza kabla hata hawajapima kilo. Halafu msichume imelowa umande, subirini ikauke.

Na Hass zenyewe tunazopanda sasa haziachwi zipae. Tunakata ncha mapema, mti unakaa kimo cha mita 4 au 5, mama mwenye umri wangu anachuma amesimama chini na mkasi wake. Mparachichi wa kienyeji wa mama mkwe nilitaka nikate juu akakataa katakata, mpaka siku mume wangu alipoteleza. Hakuumia sana lakini kesho yake mama mkwe mwenyewe aliita watu wa msumeno.

MwanaMuheza
Ndaga (asante) mama, nimesoma neno kwa neno. Na hapo umefika kwenye lile swali langu la pili. Nikitaka kuishusha hii miembe, inakubali? Haifi? Wazee wa hapa mtaani wanasema mwembe mkubwa ukiukata kichwa unakasirika hauzai tena.

Mzaramo_halisi
Mimi nasema usikate. Mwembe wa babu ni kumbukumbu. Kwetu Mkuranga chini ya dodo ndio tunapofungisha ndoa za ndugu, ndio tunapokaa matanga, kivuli kile ukikipoteza hukirudishi kwa miaka 30. Toka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji kote huko njia ya misafara ya zamani unaijua kwa miembe mikubwa, hakuna aliyeikata. Kodi mkwezi, mlipe, mti ubaki.

bwanashamba_Moro
Kaka naheshimu hilo, na kivuli nakipenda pia. Lakini dada ameuliza kama inawezekana, jibu ni ndio. Mwembe unavumilia sana kukatwa. Haukasiriki, unachofanya ni kutoa machipukizi mengi ya majani kwanza, ndio maana mwaka wa kwanza na wa pili watu wanaona hauzai wanasema umesusa. Ukiushusha sana tegemea miaka 2 mpaka 3 kurudi kwenye uzao wa maana.

Usikate wote kwa siku moja. Gawa mara tatu, kila mwaka theluthi moja. Unaanza mara tu baada ya kumaliza kuangua msimu ukiisha, sio sasa hivi ukiwa na maua na vitoto. Mwaka wa kwanza ondoa tawi kubwa moja au mawili ya katikati yaliyosimama wima, jua liingie ndani. Tawi zito kata kwanza kwa chini kidogo, halafu juu mbele yake, bila hivyo likianguka linachuna gome la shina mpaka chini. Na lifungwe kamba lishushwe. Shina lililokuwa kivulini miaka yote likipigwa jua ghafla linaungua na kupasuka, lipake chokaa nyeupe. Machipukizi yakija yatakuja kama nywele, bakiza machache yanayoelekea nje, manne matano kwa kila tawi, mengine ng'oa yakiwa bado laini. Na hapo kwenye machipukizi ndio mahali pazuri pa kubebesha, ukitaka sindano iwe bolibo au embe nyingine inayouzika inawezekana kwenye mti ule ule wa babu.

Mtanga_Omani
Salamu kutoka Rustaq wandugu. Kwetu hapa ni mitende, haikatwi kichwa, mtende ukiukata kichwa umekufa, hauna moyo mwingine. Kwa hiyo lazima mtu apande tu. Ila angalieni wanavyopanda. Wana kamba ya kufuma wanaiita habul, sehemu ya nyuma ni pana kama mkanda wa kubebea mzigo inakaa mgongoni, inazunguka shina na kufungwa mbele. Mpandaji anaegemea nyuma uzito wote uko kwenye kamba, mikono miwili iko huru, anakata kikole kizima cha tende anakishusha kwa kamba nyingine. Mzee wa miaka 60 anapanda hivyo na hatetereki. Nikikumbuka wakwezi wetu wa nyumbani na kile kitanzi cha miguuni peke yake roho inanisononeka. Mzee wa Pangani, huko kamba ya mgongoni haikuwahi kufika?

mkwezi_mstaafu
Niliwahi kuiona kwa mwarabu mmoja shambani kwake, tukaona ni ya mtu mwoga. Mnazi wetu ni mwembamba na mrefu, tunategemea vidato na kitanzi. Navyo vidato vinakaa maji vinaozesha mti. Leo ningekuwa kijana ningeivaa hiyo kamba ya mgongoni bila kuona haya.

Nesi_wa_zamu
Nimepita tu nikaona niseme kuhusu aliyeanguka. Akianguka msimkimbilie kumnyanyua na kumkalisha mumpe maji. Msimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, huko ndiko uti wa mgongo unakomalizikia kuharibika. Mwambieni asisogee, mmoja ashike kichwa na shingo visigeuke, tafuteni ubao au ng'oeni mlango, mumhamishe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, na gari ambalo anaweza kulala. Akisema miguu imekufa ganzi ndio kabisa msimkunje. Msimu wa embe tunawapokea wengi na baadhi yao madhara makubwa yametokea njiani.

MwanaMuheza
Nesi nimenyamaza muda mrefu baada ya kusoma hili. Sisi tulimkalisha. Tulimpakia bodaboda. Mungu alituhurumia tu ikawa paja na sio mgongo.

Kijana wa Korogwe
Mdogo mdogo dada. Vipi zilizodondoka zenyewe, mnafanyia nini? Kwetu zinaozea pale pale chini mpaka inzi wanajaa.

bwanashamba_Moro
Hapana hapana, hizo ndio kitalu cha inzi wa matunda. Yule mkubwa mwenye rangi ya dhahabu aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, katokea Asia, na tangu hapo embe zetu hazijapumzika. Funza anatoka kwenye embe iliyooza anajificha kwenye udongo, baada ya siku kadhaa anatoka inzi anapanda kutaga kwenye embe nzima zilizo juu. Okota kila siku. Fukia shimo la kina cha nusu mita na zaidi, au jaza kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga kabisa, weka juani siku kadhaa. Kumwaga jalalani ni kuwahamisha tu.

MwanaMuheza
Mrejesho wadau, imepita miezi michache samahani kwa kuchelewa.

Nilikwenda kwa fundi nikatengenezewa kigoe cha mita 5 chenye mfuko mfupi. Siku ya kwanza mkono ulikufa ganzi, shingo ikakakamaa, embe nne nikazigonga kwenye tawi. Siku ya pili nikajifunza kusimama pembeni badala ya chini kabisa ya embe, unaona kikonyo vizuri na tone halikudondokei. Ile tak fundi aliyosema ni kweli ipo, ukiisikia unajua imeingia. Sindano na bolibo nilimaliza mwenyewe na dada yangu, siku nne, za asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa dodo mbili nilimtafuta mkwezi, mtu mzima, akaja na kamba zake. Alipofika juu nikamsikia anagonga, ti ti ti, halafu akanyamaza, akaniambia kwa sauti hili hapa bi mkubwa sikanyagi. Ni tawi jirani na lile la mwaka jana. Tulilikata na kulishusha kwa kamba, ndani lilikuwa jeusi unaweza kuchota kwa kijiko.

Tumeinamisha embe kwenye chanja ya fito kama tulivyofundishwa, chini tukatandaza mchanga udake utomvu. Mchuuzi alikuja na matenga sita akajaza yote, aliyotenga pembeni ni embe 19. Mwaka jana karibu nusu alizikataa.

Kuhusu kukata, nimeamua sindano na bolibo zishuke, msumeno unakuja wiki ijayo na naanza na matawi mawili ya katikati kila mti. Dodo moja nimeiacha kama ilivyo, Mzaramo nimekusikia, babu tulimwombolezea chini yake. Ile dodo nyingine, ile aliyoangukia mtoto, nilimuuliza mwenyewe. Alikaa kimya kisha akasema mama mdogo usiikate, ishushe tu nifikie na kigoe. Siku ya kuangua alikuwa kwenye chanja, kazi yake ilikuwa kugeuza embe na kuhesabu, na ameandika zote kwenye daftari la hesabu, mti kwa mti.

Swali la mwisho kwa bwana shamba, hiyo chokaa ya kupaka shina ni ile ile ya kupakia ukuta au kuna nyingine?

bwanashamba_Moro
Hongera sana dada. Ni ile ile, ya kawaida, koroga na maji iwe nzito kama uji wa mtoto. Paka mpaka chini ya panda, upande wa magharibi uzidishe maana jua la alasiri ndilo linalopasua.